Bajaji, Kiporo na Dhahabu: Maisha ya Kiasi kwa Wahindi na Waitalia

Bajaji inayokutoa kituo cha daladala na kukushusha mlangoni kwako imepitia mikono ya mataifa mawili kabla ya kufika Dar es Salaam. Jina ni la Kihindi, lakini chombo chenyewe kilizaliwa Pontedera, mji wa mkoa wa Toscana nchini Italia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha, kiwanda cha Piaggio kilikuwa kimepigwa mabomu, na raia wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari. Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyekuwa akibuni helikopta, akachora pikipiki ndogo ya bei ya chini. Ikaitwa Vespa, yaani nyigu. Huo ni mwaka 1946. Miaka miwili baadaye pikipiki hiyohiyo ikaongezwa gurudumu na kisanduku cha mizigo nyuma, ikaitwa Ape, yaani nyuki, mdudu asiyejua kupumzika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ikawa inaunda vyombo hivyo India kwa leseni ya Piaggio. Leseni ilikoma mwaka 1971, Bajaj ikaendelea kivyake, na leo Mtanzania anasema bajaji hata kama ubavuni pameandikwa TVS. Mombasa na Malindi, wanakosema tuktuk, utazikuta zenye jina la Piaggio waziwazi.

Kinachonigusa zaidi ni mtu aliye nyuma ya jina hilo. Jamnalal Bajaj, aliyeanzisha kundi la kampuni hizo mwaka 1926, alikuwa mfanyabiashara wa Wardha, katikati ya India, na alikuwa karibu na Mahatma Gandhi kiasi cha kuitwa mwanawe wa tano. Ndiye aliyetoa ardhi katika kijiji kilichokuja kuitwa Sevagram, mahali Gandhi alipohamia mwaka 1936 na kuishi katika nyumba ya udongo na mianzi. Kwa hiyo jina tunalolitaja kila siku tukipatana nauli ni la tajiri aliyemhifadhi mhubiri mashuhuri kuliko wote wa maisha ya kujinyima.

Nimeanza na bajaji kwa sababu mazungumzo kuhusu maisha ya kiasi huwataja sana Wahindi na Waitalia, tena kwa picha mbili zilezile: mtawa wa India aliyeketi chini ya mti na shuka moja mwilini, na bibi wa Kiitalia anayechemsha maharage katika nyumba ya mawe. Picha hizo si za uongo. Lakini India hiyohiyo ni kati ya nchi mbili zinazoongoza duniani kwa kununua dhahabu ya vito, na harusi zake huchukua siku kadhaa na kumaliza akiba ya miaka. Italia hiyohiyo, kutoka Milano, huwavalisha matajiri wa dunia nzima. Watu wanaosifiwa kwa kuishi na vichache wanawezaje kuwa mabingwa wa fahari?

Naona tunakosea mahali pa kutazama. Tunahesabu vitu ambavyo hawana, kisha tunadhani tumeijua tabia yao. Ukitaka kuelewa kiasi cha watu fulani, tafuta kile wasichokubali kukibania hata hali ikiwa ngumu. Kwa Wahindi mara nyingi kitu hicho ni wajibu: kwa ndoa, kwa ukoo, kwa mgeni, kwa dini. Kwa Waitalia ni meza ya chakula na sura ambayo mtu anatoka nayo nyumbani. Mengine yanaweza kupunguzwa, na hupunguzwa kweli. Bila shaka India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na Mwitalia wa Torino atakwambia hafanani hata kidogo na yule wa Palermo. Nazungumzia mkondo mkuu wa mto, si kila kijito.

Neno rahisi linatuponza

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na lugha. Kwa Kiswahili kitu rahisi ni kile kisicho kigumu, na pia ni kile cha bei ndogo. Maisha haya hayana sifa hizo. Kuloweka maharage usiku na kuyachemsha kwa saa tatu si jambo jepesi. Khadi, kitambaa cha pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono ambacho Gandhi alikifanya alama ya uhuru wa India, mara nyingi ni ghali kuliko kitambaa cha kiwandani. Ndiyo maana napendelea kusema maisha ya kiasi: mtu amejiwekea mpaka, na mpaka huo unamgharimu.

Fundo la pili ni zito zaidi. Yupo aliyechagua kuwa na vichache na yupo aliyenyimwa. Kwa mbali wanafanana. Wote wanakula sahani moja, wote wana nguo mbili. Makala nyingi zinazosifia maisha ya vijijini huwachanganya, na mimi naona huko ni kumkosea heshima yule wa pili.

India: kuacha kwa ratiba

Wajaini wana neno aparigraha, yaani kutoing'ang'ania mali. Ni moja ya nadhiri tano kuu za dini yao. Mtawa wa madhehebu ya Digambara hutembea bila nguo, na alivyo navyo ni ufagio wa manyoya ya tausi, wa kuwaondoa taratibu wadudu asije akawakanyaga, na chombo cha maji. Wakati huohuo Wajaini ni miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa India, hasa wa vito na vitambaa. Hapa pwani ya Afrika Mashariki tunawajua. Hekalu lao la marumaru nyeupe limesimama Mombasa tangu miaka ya 1960. Je, ni unafiki? Hapana. Muumini wa kawaida hapewi nadhiri ya mtawa. Anapewa nadhiri ndogo, ya kujiwekea yeye mwenyewe kikomo cha mali atakayomiliki. Anaendelea kufanya biashara, lakini mpaka ameuchora kabla fedha hazijafika.

Mafundisho ya Kihindu nayo yamepanga jambo hili kwa hatua za umri. Kuna hatua ya mwanafunzi, hatua ya mwenye nyumba, hatua ya kujiondoa polepole kwenye shughuli, na mwisho ile ya sannyasi, mtu aliyeacha vyote. Artha, yaani kutafuta mali, imo katika malengo manne halali ya maisha ya binadamu. Mwenye nyumba anatakiwa atafute, kwa sababu mwanafunzi, mzee na mtawa wote wanakula kwake. Hii ndiyo sababu tajiri na mtawa wanaweza kuishi mtaa mmoja bila yeyote kuona ajabu. Kila mmoja yuko kwenye zamu yake. Ni wachache wanaofika hatua ya nne, lakini kule kujua kwamba ipo kunaipa mali sura ya kitu cha kupita.

Gandhi alivuruga mpangilio huo kwa makusudi. Mwezi Septemba 1921, akiwa Madurai kusini mwa India, aliacha shati na kofia akabaki na kitambaa kifupi kiunoni, kama mkulima maskini wa nchi yake. Alikuwa kiongozi wa siasa, katikati ya kazi, na alivaa kama mtu aliyekwishaaga dunia. Mamilioni walimwelewa mara moja, kwa kuwa mavazi yale yalikuwa lugha waliyoizoea. Lakini kujinyima kwake kulihitaji watu wengi wa kukubeba: ardhi ya Bajaj, fedha za tajiri Birla, ambaye ndani ya uwanja wa nyumba yake Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Mshairi Sarojini Naidu, rafiki yake, husimuliwa kuwa alimtania kwamba inagharimu fedha nyingi kumweka Gandhi katika umaskini. Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na haupunguzi chochote katika alichofanya.

Sasa dhahabu. Kwa mgeni, bangili kumi mkononi mwa mama anayepika dengu kila siku ni kitu kisichoeleweka. Ila jiulize mwanamke wa Kihindu, kwa karne nyingi, angeweza kumiliki nini. Ardhi ya ukoo ilishikwa na wanaume. Sheria ya mwaka 1956 ilimpa binti haki katika mali aliyojichumia baba yake, lakini haki sawa na ya kaka zake katika mali ya pamoja ya ukoo ilikuja mwaka 2005 tu. Kilichokuwa chake bila ubishi ni stridhan, mali aliyopewa yeye kama mwanamke, na sehemu kubwa ilikuwa dhahabu. Haihitaji benki, haioti kutu, inabebeka usiku wa vita au wa kufukuzwa. Mvua zikikosekana, bangili moja inawekwa rehani na mbegu zinanunuliwa. Akiba haiozi, tunasema sisi, na kwa dhahabu msemo huo ni kweli neno kwa neno. Anayemwona mama yule na kudhani anajionyesha hajaona hofu iliyofichwa chini ya kile kinachong'aa.

Upande wake mchungu ni mahari inayodaiwa kwa wazazi wa bibi harusi. Ilipigwa marufuku mwaka 1961 na bado inafilisi familia. Wajibu usiobaniwa unaweza kumkaba mtu koo.

Suti ya Ambedkar

Picha ya Gandhi na kitambaa chake kiunoni ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Dalit, wale walioitwa wasioguswa. Katika maelfu ya sanamu zake zilizosimamishwa India yote, amevaa suti, tai na viatu, na kitabu mkononi. Hakuna anayemsimamisha Ambedkar akiwa na shuka.

Sababu ni ya wazi ukijua historia. Mahali pengi watu wa tabaka lake walikatazwa kuvaa viatu mbele ya wakubwa, kuvaa dhahabu, au kuvaa nguo nzuri. Huko Travancore, kusini, wanawake wa jamii ya Nadar walipigana kwa miongo kadhaa ili waruhusiwe kufunika vifua vyao, na walishinda mwaka 1859. Kwa watu kama hao, nguo nzuri ni ushahidi wa uhuru. Ukimwambia mtoto wa Dalit kwamba kuishi na vichache ni fadhila, atakuuliza: mbona babu yangu alilazimishwa?

Nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu, na limebadilisha jinsi ninavyomtazama mtu yeyote anayehubiri kujinyima. Kwanza nauliza kama mlango wa kutoka uko wazi kwake. Gandhi angeweza kuvaa tena suti aliyovaa akiwa wakili kijana. Mkulima aliyemwiga hakuwa na suti ya kurudia.

Italia: kiporo kilichogeuka fahari

Italia nayo ilikuwa na mtu wake wa kuvua nguo. Francesco wa Assisi alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, na yapata mwaka 1206 alivua nguo zake mbele ya askofu akamrudishia baba yake. Alifariki mwaka 1226. Miaka miwili baadaye alitangazwa mtakatifu, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa basilika kubwa juu ya kaburi la mtu ambaye hakutaka kumiliki hata kitabu. Wafuasi wake waligombana karibu miaka mia moja kuhusu maana ya ufukara, hadi mwaka 1323 Papa Yohane XXII akatangaza kuwa ni uzushi kusema Kristo na mitume wake hawakumiliki chochote. Njia ya Francesco ilibaki ya watawa. Kiasi cha Mwitalia wa kawaida kilitoka kwingine kabisa: jikoni kwa mkulima.

Toscana hiyo inayopigwa picha na watalii ilikuwa nchi ya mezzadria. Mkulima alilima shamba la bwana, akaishi kwenye nyumba ya bwana, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Mikataba mipya ya namna hiyo ilikatazwa na sheria mwaka 1964 tu. Wapo wazee wanaoikumbuka. Mkate uliokwa mara moja kwa wiki kwa sababu kuni na muda vilikuwa haba, na ukikauka hautupwi. Ukichanganywa na nyanya na vitunguu, wakati wa joto, unaitwa panzanella. Ukichemshwa na nyanya unakuwa pappa al pomodoro. Ukiwekwa kwenye supu ya maharage na kabichi nyeusi na kuchemshwa tena siku ya pili, ni ribollita, na jina lenyewe maana yake ni iliyochemshwa tena.

Kwa Kiswahili chakula hicho kina jina: kiporo. Leo ribollita inauzwa kwa bei ya juu kwenye mikahawa ya Firenze, na sisi tungali tunaona haya kumwambia mgeni kwamba wali wa asubuhi ni kiporo. Hapo ndipo Waitalia walipofanya jambo la pekee. Walikipika kiporo kwa uangalifu uleule wa chakula cha sikukuu, wakakipa jina, wakakitetea. Wale wa kusini waliokosa jibini walikaanga chenga za mkate kwenye mafuta ya zeituni na kunyunyiza juu ya tambi. Hawakuuita huo upungufu. Meza ilitandikwa kitambaa, watu wakaketi.

Lakini tusijidanganye. Kaskazini, Veneto na Lombardia, maskini walikula polenta, ambayo ni ugali wa mahindi, asubuhi, mchana na jioni. Mahindi yana vitamini B3, ila imefungwa namna ambayo mwili hauwezi kuipata. Wenyeji wa Meksiko waliifungua kwa kuchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa. Ulaya ilichukua mbegu ikaliacha somo hilo. Matokeo yalikuwa pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha, akili kuvurugika, kisha kifo. Katika karne ya 19 iliwaua wakulima wengi. Ugali wenyewe hauna kosa. Aliye na maharage, maziwa au dagaa pembeni hapati ugonjwa huo. Kosa ni kukosa cha pembeni. Kati ya mwaka 1876 na 1915 Waitalia takribani milioni 14 waliondoka nchini kwenda kutafuta maisha. Watu hawakimbii supu ya mkate iliyo tamu. Walikimbia njaa.

Matera, mji wa kusini, unaonyesha jambo hilo kwa macho. Familia ziliishi kwenye mapango yaliyochongwa mlimani, pamoja na mifugo yao. Mwaka 1952 serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha, watu wapatao 15,000, kwa kuwa mapango yale yalihesabiwa aibu ya taifa. Mwaka 1993 UNESCO ikayatambua kuwa urithi wa dunia. Leo mapango kadhaa ni hoteli, na wageni hulipa ili walale pale ambapo bibi wa mtu alilala na punda.

Jiko linajua

Nikitafuta mahali ambapo mataifa haya mawili yanakutana kweli, napapata jikoni, kwa wanawake. Huko Bengal, mashariki mwa India, mjane wa Kihindu alikatazwa samaki, nyama, kitunguu na kitunguu saumu, mara nyingi akiwa bado msichana. Kwa maganda ya viazi na maboga, mbegu za mpopi na majani machungu, wajane hao walibuni mapishi ambayo hadi leo Wabengali wanayaheshimu kama kilele cha chakula chao. Rajasthan, jangwani, walikausha maharage na matunda madogo ya vichaka vya porini wakapika ker sangri, kitoweo kinachoandaliwa leo kwenye harusi. Mjane wa Bengal na mke wa mkulima wa Toscana wangeelewana bila mkalimani. Wote wawili walinyimwa, na wote walijibu kwa ustadi. Ustadi ule ni wao; kunyimwa kule hakustahili shukrani.

Wanafanana hata sandukuni. Msichana wa Kiitalia alitayarishiwa corredo, mashuka na taulo zilizotariziwa tangu utotoni, kwa ajili ya siku ya ndoa, na dote, mali anayokwenda nayo kwa mume, ilifutwa kisheria mwaka 1975.

Tofauti inajitokeza mtu anapotoka nje. Mfanyakazi wa Napoli mwenye shati moja zuri atalipiga pasi, atang'arisha viatu, na jioni atatembea polepole barabarani na familia yake. Waitalia huita bella figura, kutoa sura nzuri. Nyumba yaweza kuwa ndogo. Uwanja wa mji ni sebule ya wote. Kwa Mhindi wa kada hiyohiyo, shati lililochakaa halimsumbui sana iwapo ada za watoto zimelipwa na harusi ya dada imepita kwa heshima. Majirani zetu wengi wa Kigujarati waliitwa mabahili kwa sababu hiyo: tuliwaona wakiishi juu ya duka, tukawaona wakihesabu senti, lakini hatukualikwa ndani siku wajibu ulipolipwa.

Hata kutoa kwao kuna sura mbili. Kwenye Hekalu la Dhahabu la Wasikh huko Amritsar, makumi ya maelfu ya watu hula bure kila siku. Tajiri na ombaomba huketi sakafuni kwa mstari mmoja, na wanaosha vyombo kwa kujitolea. Huo ni wajibu uliogeuzwa chakula. Napoli wana kahawa iliyoachwa, caffè sospeso: unakunywa kikombe kimoja, unalipia viwili, na asiye na kitu atakayeingia baadaye atakunywa bila kujua ni nani aliyemlipia. Anasimama kwenye kaunta kama mteja mwingine yeyote, kahawa ni ileile, kikombe ni kilekile. Hata kwa fukara, sura haibaniwi.

Mwaka 1986 McDonald's ilipofungua mkahawa Piazza di Spagna, katikati ya Roma, waliopinga waligawa tambi barabarani, na Carlo Petrini, mtu wa mji mdogo wa Bra, akawa kiongozi wa harakati ya Slow Food yenye nembo ya konokono. Gandhi alipotaka kupinga Waingereza alisokota uzi. Mmoja alishika sahani, mwingine gurudumu la kusokotea, na kila taifa lilimwelewa mtu wake papo hapo.

Na ile Ape ya Pontedera? Piaggio sasa inaitengeneza Baramati, katika jimbo la Maharashtra, jimbo lilelile lenye Wardha na kibanda cha Sevagram.